Mstari wa Maji wa Tumpal Silitonga

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Silitonga, wakwe zetu wa Hutapea mlioketi upande wa heshima, majirani wa Kampung Tanggul, wageni mliotoka ofisi za jiji, na ninyi mliosimama kichochoroni kwa kukosa pa kukaa, poleni na msiba, na asanteni kwa kuja. Naitwa Tiominar, ni mdogo wa marehemu, tumenyonya ziwa moja. Najua kwa mila yetu dada mtu siku kama ya leo mahali pake ni jikoni, na wapo wazee hapa wanaonikata jicho, lakini kaka mwenyewe aliacha neno hospitalini, mbele ya mkewe na wanawe, kwamba historia yake asisome mwingine, akasema, "Asome Tio, yeye hajui kupamba." Basi mwenye kuudhika na amuudhikie yeye.

Marehemu Tumpal Silitonga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955, kijijini kwetu juu ya bonde la Silindung, nje kidogo ya mji wa Tarutung, Sumatra Kaskazini, akiwa mtoto wa tatu na wa kiume wa kwanza wa marehemu Mzee Bonar Silitonga na marehemu Mama Tianur. Baba yetu alikuwa ndiye mgawa maji wa mashamba ya mpunga ya kijiji kizima, kazi ya lawama tupu, na kaka alikua akimfuata matutani, akijifunza kwamba watu watagombana mpaka jioni juu ya nani kapunjwa, lakini maji hayana upendeleo, huku na huku husimama sawa. Neno hilo la baba mtalisikia tena kabla sijamaliza.

Tukija kwenye elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akaendelea na masomo ya kati mjini Tarutung, kisha akaingia shule ya ufundi hapo hapo Tarutung, alikohitimu Desemba 1974 katika fani ya kuchora michoro ya mitambo. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, tusidanganyane msibani. Alikuwa mzito wa kusema, mwepesi wa mkono, na wakati wenzake wanakariri yeye alikuwa stendi akipaka majina ya mabasi, na ilikuwa kwa ujira huo wa mabasi kwamba mimi na wadogo zangu tulivaa viatu kanisani kila Krismasi.

Februari 1975 alipanda meli kutoka Belawan, akashukia Tanjung Priok hapa Jakarta akiwa na begi moja na samaki aliyepikwa na mama, amefungwa kwenye jani, na tarehe 7 Aprili mwaka huo aliajiriwa kuwa mpaka rangi kwenye chelezo, kule meli zinakopandishwa kutengenezwa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwezi Agosti 2010. Wenzake wa chelezo mko hapa, nawaona, mmekaa pamoja kama kawaida yenu. Ninyi mnajua kwamba kazi yake hasa ilikuwa kupaka tumbo la meli rangi nyekundu na kuweka ule mstari wa ubavuni unaoonyesha meli izame mpaka wapi, na meli ikipakiwa kupita mstari haitoki bandarini, hata mwenye meli alie machozi ya damu. Kaka aliwahi kutupwa nje ya geti na nahodha mmoja aliyetaka mstari upandishwe kidogo tu, upana wa kiganja, akarudi kesho yake akaupaka palepale ulipokuwa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha tarehe 3 Mei 1980, kanisani Tarutung, na Rosinta wa ukoo wa Hutapea, ambaye ninyi nyote mnamwita Mama Togar, na siku hiyo wakwe hawa hawa waliwafunika wote wawili kwa shuka moja la ulos, nguo yetu ya baraka, wakawaambia wakae ndani yake mpaka mmoja atolewe. Bwana aliwajalia watoto watatu, Togar aliyezaliwa 1981, Lamtiur aliyezaliwa 1984 na Sondang aliyezaliwa 1992, na wajukuu watano. Sondang bado hajaolewa, na kwa mila yetu ngoma zote ni za aliyeoza watoto wake wote, hivyo wazee wameamua kwamba baba yake hapigiwi ngoma zote leo. Sondang mwanangu, usiinamishe kichwa, baba yako hakuwahi kuwa mtu wa ngoma.

Mwaka 1983 walihamia nyumba hii tuliyomo. Nataka wageni wa jiji mnisikilize hapa, kwa sababu ndipo habari inapoanzia. Nilipokuja kuwatembelea mara ya kwanza, kabla sijahamia mtaani hapa, tukitaka kwenda kuona bahari, tulikuwa tunashuka, tunavua viatu, tunapita kwenye majani, tunashuka tena, ndipo tunaikuta. Siku hizi mkitaka kuiona bahari, mnatoka mlango huu na mnapanda, mnapanda ngazi za ukuta wa saruji, mkifika juu mnaikuta iko pale, imetulia, inatazama mapaa yetu. Ardhi inazama kila mwaka, ukuta unaongezwa kila baada ya miaka michache, na katikati tumekaa sisi tunapika wali.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2007, ambayo kila aliyekuwepo anayakumbuka, kaka alinunua mpira mwembamba wa plastiki, ule unaopenya mwanga ambao waashi hutumia kupimia usawa, akaujaza maji, akamwita mkewe. Siku ya bamvua, bahari ilipofika kileleni, yeye alipanda ukutani na ncha moja akaishika usawa wa bahari, Mama Togar akateremka kichochoroni na ncha nyingine, na pale maji ndani ya mpira yalipotulia, ndipo kaka alipopiga mstari. Mstari ule ulisema jambo moja tu, kwamba bahari iko hapa, upande wa pili wa ukuta. Kisha akafanya alichokizoea, akaipaka nyumba yake nyekundu ya tumbo la meli kutoka chini mpaka mstarini, na juu akaacha nyeupe. Mwaka ule mstari ulifika kifuani kwa mtu mzima. Mama Togar alimwambia, mimi nikiwa jikoni nasikia, "Baba Togar, sasa watu watasema tumekaa ndani ya meli." Kaka akamjibu, "Meli ingekuwa afadhali, meli inaelea."

Majirani walicheka, kisha wakaanza kumwomba awapimie na wao, na marehemu Mzee Mattola, yule wa kabila la Bugis aliyekuwa baharia mpaka sukari ilipomla miguu, ndiye aliyekuwa wa kwanza, maana nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka ukutani. Kwa wale wa chini, karibu na ukuta, mstari ulipita juu ya vichwa. Si kwamba kaka aliwaonea, mstari ulikuwa umenyooka kama kamba, ni ardhi iliyokuwa inateremka. Kila mwaka walipima upya, kila mwaka mstari ulipanda, na mtu aliyepita kichochoro chetu kutoka barabarani kwenda ukutani alihisi kabisa anaingia majini hatua kwa hatua, huku nguo zake ni kavu.

Mwaka 2013 alifika Bi Laksmi Prabandari, mwandaaji wa maonyesho ya sanaa, amealikwa na mtu aliyeona picha. Alitembea kichochoro mara moja mpaka ukutani, akarudi amefunga mdomo kwa mkono. Alisema hajaona mchoraji aliyeuchora mji huu kwa ukweli namna ile, kwamba hii ndiyo sura ya Jakarta yenyewe. Kaka alimwambia, "Mama, mimi sichori sura, napima." Bi Laksmi alimpenda kwa jibu hilo, na alimtendea haki siku zote, nalisema hili akiwa ameketi pale na kitambaa chake. Kupitia kwake, picha za nyumba zetu zilionyeshwa Bandung, zikaonyeshwa Singapore, na mwaka 2016 marehemu alipanda ndege mpaka Fukuoka, Japani, akajengewa chumba kitupu akapiga humo mstari wa nyumba ya Mzee Mattola, na wageni waliingia wakizungumza, kisha wakainua mikono kuona kama wanaufikia. Wajapani walimwita msanii. Alirudi na neno hilo kama mtu aliyerudi na kanzu mpya, hajui aivae lini. Sisi watu wa Toba, kabila letu hili, kwa heshima mnatujua. Ukitunyima chakula tutavumilia, ukituita mbele za watu kwa jina zuri tutakuja mbio.

Mwaka 2018 jiji lilitafuta alama ya kujitambulisha kwa ulimwengu, na likaona nyumba zetu. Ikaundwa kamati. Walitaka mstari wa Tumpal Silitonga upite vichochoro vyote vya ufukweni, upakwe kwenye mabasi, uwekwe kwenye vibao vya uwanja wa ndege, na jina likapatikana, Jiji Linaloelea. Wakaja wapaka rangi waliopewa kazi hiyo, vijana wazuri tu, wana ndoo na brashi nzuri, lakini hawakuja na mpira wa maji. Walikuja na fimbo. Walisimamisha fimbo chini, wakaweka alama kiunoni, wakasogea, wakasimamisha fimbo tena, wakaweka alama kiunoni, mpaka ukutani. Mstari ukateremka pamoja na ardhi. Barabarani kiunoni, katikati kiunoni, kwa Mzee Mattola pia kiunoni. Mistari ya kaka ya miaka yote ikafunikwa na nyeupe.

Kaka alienda kwenye kamati akasema si sawa, mstari lazima upande. Bwana mmoja wa kamati, ambaye simtaji kwa kuwa hayupo kujitetea, alimwambia kwa upole, "Mzee Tumpal, mstari ukipita juu ya milango watu wataogopa, na jiji halijitangazi kwa kutisha. Kiunoni panapendeza, hata kwenye picha." Kisha akamwonyesha kibao cha shaba kitakachowekwa mwanzo wa kichochoro, kina jina lake kamili na la ukoo. Nahodha wa meli alishindwa kumsogezea kaka mstari hata kwa upana wa kiganja. Kibao kile kiliweza. Siku ya uzinduzi alivaa koti, alipigiwa makofi hotelini, na nilipomuuliza jikoni kwangu kama moyo wake umetulia, alisema, "Acha, Tio. Kila mtu anajua lile ni pambo tu." Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliniagiza niyasome.

Watu hawakujua. Walikuwa wamemwamini miaka kumi, na mstari ulikuwa na jina lake.

Jumapili tarehe 5 Desemba 2021, asubuhi ya bamvua, tukiwa kanisani, ukuta ulipasuka upande wa pampu ya kuvuta maji ya mtaa. Maji hayakuja kwa kishindo, waliokuwepo wanasema yalikuja kama mgeni anayejua nyumba. Watu wakapandisha magodoro, majiko na televisheni juu kidogo ya mstari, wakaona wamesalimika. Jirani yetu Wahyono, huyu aliyesimama mlangoni, alikwenda kwa Mzee Mattola kumbeba mgongoni, akamkuta ameketi juu ya meza, kavu, anavuta sigara yake ya karafuu. Mzee alikataa kubebwa. Alimwambia, "Wahi watoto kwanza, kijana wangu. Mstari ni wa Baba Togar, na mimi niko juu yake." Wahyono akawahi watoto. Maji yalipotulia, yalikuwa yamesimama sawasawa pale kaka alipopima mwaka ule wa mwisho kabla ya fimbo, chini kidogo ya kizingiti cha juu cha mlango. Hayakuwa na upendeleo.

Marehemu alisaidia kuchimba kaburi la Mzee Mattola, rafiki yake, akabeba jeneza mpaka makaburi ya Waislamu, akarudi moja kwa moja mwanzo wa kichochoro na patasi yake ya kukwangulia kutu, akakwangua jina lake kwenye shaba mpaka pakabaki pamechimbika. Tangu siku hiyo sikumwona akicheka meno nje.

Mwaka 2022 alianza kupima upya. Yeye na Mama Togar, wazee wawili na mpira wao, mmoja ukutani, mmoja kichochoroni. Alipopiga mstari wa kweli nje ya nyumba, watu wa jiji walikuja kuufuta, wakarudisha ule wa kiunoni, na ikaelezwa kwa heshima zote kwamba mstari wa kiunoni sasa ni kazi ya sanaa inayolindwa, ni mali ya jiji, na anayeuchafua ana kosa, hata akiwa ni yeye aliyeuanzisha. Yalitokea mara ya pili na ya tatu. Basi akaingia ndani. Alibisha hodi nyumba hadi nyumba akiomba ruhusa ya kupiga mstari sebuleni, juu ya makochi, juu ya picha za harusi, mahali ambapo ofisi haifiki. Wengine walimkubalia, wengine walimwambia, "Baba Togar, tuachie nyumba yetu, watoto hawatalala." Yeye alijibu, "Ndiyo maana." Nyumba nne zimeshahama kwa sababu ya mistari ile, wamekwenda kwa ndugu zao Bekasi na Serang, na wamerudi leo kumzika.

Kuhusu kuugua, tarehe 15 Novemba mwaka huu wa 2024, siku ya bamvua, marehemu alisimama muda mrefu kwenye mtaro chini ya ukuta, maji ya taka yakimfika magotini, kwa sababu mkewe alikuwa na mafua na hangeweza kusimama majini, hivyo alimpangia kazi nyepesi ya juu ukutani akachukua ngumu. Mguuni alikuwa na kidonda kidogo alichokatwa na bati. Tarehe 21 alishikwa na homa na macho yakawa manjano, tarehe 23 alifikishwa hospitalini, ambako madaktari walituambia ni homa ya panya, inayoingia kwenye vidonda kupitia maji machafu, na kwamba figo zimekataa. Alipigana siku nne. Katika maneno yake ya mwisho alimuuliza mkewe, "Tumefika nyumba ya nani?" Mama Togar akamwambia wamefika kwa marehemu Mattola. Akasema, "Basi bado zile mbili za chini," akageukia ukutani. Aliaga dunia Jumatano tarehe 27 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Atazikwa Jumatatu tarehe 2 Desemba, kijijini kwetu, juu ya bonde, karibu na baba. Wapo waliouliza kwa nini familia inamsafirisha mbali hivyo ilhali jiji lilijitolea kumpa mahali pa heshima hapa hapa. Kaka alikataa mwenyewe. Alisema hawezi kulala chini ya ardhi ambayo haijamaliza kushuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa chelezo, mlioleta rangi kila mwaka mkidai imebaki, na sisi tulijua haijabaki. Tunamshukuru Bi Laksmi. Tunawashukuru majirani, Waislamu kwa Wakristo, mliopika tangu Jumatano. Tunawashukuru wageni wa ofisi za jiji kwa mabango ya maua, na kwa pazia hili jeupe mlilolitundika nyuma ya jeneza leo asubuhi ili chumba kipendeze. Pazia ni zuri, lakini Togar, mwanangu, na wewe Wahyono, naomba mlishushe sasa.

Shusheni lote. Asanteni.

Huo ndio mstari wa kaka, aliupiga mwezi huu, siku ya bamvua, na rangi yake bado inanukia. Msiniangalie mimi, uangalieni. Mlioketi, uko juu ya vichwa vyenu. Ninyi mliosimama, kila mtu autafute kwa macho aone unamkata wapi, na watoto waangalieni wakiwa mikononi mwenu. Tutakapomwinua kaka mabegani, atapita mlangoni akiwa chini yake. Bamvua ya Desemba inaingia baada ya wiki mbili, ukuta ni ule ule uliozibwa. Mpira wake uko kwenye msumari karibu na mlango, umejaa maji. Ncha moja ataishika Mama Togar, ya pili sina wa kumtaja, na nyumba mbili za chini bado zina watu ndani.

Kaka, nimesoma kama ulivyoagiza, sikupamba. Pumzika kwa amani.